Matairi, Springi na Siku ya Uwanjani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Bagamoyo



Kama mnavyojua, Kamati imependekeza kwamba mkutano wetu wa mwakani uambatane na siku ya kuendesha magari katika uwanja uliofungwa. Kila mwanachama atakuja na gari lake la kawaida, atalipa kiingilio, na fedha zitakazopatikana zitasaidia maabara ya shule. Pendekezo hilo limepokewa na wengine kwa vifijo na na wengine kwa mashaka, na jioni hii tutalipigia kura. Mimi ni mtumishi wa Serikali, shahada yangu niliyoipata Mlimani ni ya uhandisi wa mitambo, na Jumamosi zangu nyingi huishia chini ya gari. Ndiyo sababu nimeombwa nieleze jinsi ya kuandaa matairi na springi za gari la kawaida kwa siku kama hiyo. Naomba niseme mapema kwamba naliunga mkono pendekezo, lakini kwa masharti, na masharti hayo nitayataja mwishoni.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Siku ya uwanjani si siku ya kukimbizana. Wenzetu walioko Ghuba wanaifahamu vizuri. Katika uwanja wa Dubai Autodrome, uliofunguliwa mwaka 2004, na ule wa Yas Marina kule Abu Dhabi, uliofunguliwa mwaka 2009, zipo siku ambapo mtu wa kawaida huingia na gari lake, akaendesha kwa mwendo anaoumudu, bila malori, bila pikipiki na bila watoto wanaovuka njia. Hakuna zawadi. Faida yake ni kwamba dereva hulifahamu gari lake mahali ambapo kosa halimuui mtu. Jioni hubandika tena kiti cha mtoto, akarudi nyumbani na gari lile lile.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo msingi wa mazungumzo yangu: gari lile lile. Wengi wetu tutatoka Dar es Salaam asubuhi, tutapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, kiasi cha kilometa 70, na jioni tutarudi njia hiyo hiyo tukiwa tumechoka. Atakayeandaa gari kwa ajili ya uwanja tu amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Jambo hili si geni kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya mwanzo yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei zake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili ilikuwa ya mvua nyingi na matope. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kujulikana kama dereva. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Dar es Salaam: alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi mjini humo, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, wakiwa na Peugeot 404.

Kaka zetu wakubwa waliopo hapa wanaikumbuka Peugeot 404. Lilikuwa gari la daktari, la mkuu wa idara na la teksi. Lilikaa juu kiasi, springi zake zilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na gurudumu lilishuka shimoni na kutoka bila kuiachia ardhi. Yapo magari yaliyokuwa na kasi zaidi ambayo hayakufika. Funzo ni kwamba gari hushinda kwa kugusa ardhi. Tairi lililo hewani haliwezi kuvuta, kukata kona wala kusimamisha gari.

Sasa tufanye hesabu ndogo, vijana wa fizikia mnifuate. Chukueni gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200. Tukiugawa sawasawa, kila gurudumu linabeba kilo 300. Tairi limejazwa upepo wa pauni 30 kwa inchi ya mraba, yaani karibu kilo 2.1 kwa sentimeta ya mraba. Gawanyeni 300 kwa 2.1: mnapata takriban sentimeta za mraba 143. Hiyo ndiyo sehemu ya tairi inayogusa barabara, na haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Matairi yote manne kwa pamoja yanagusa sentimeta za mraba 570 hivi. Karatasi ya A4, ile tunayoandikia barua za ofisini, ina karibu 624. Basi, ndugu zangu, gari zima, na baba, mama na watoto waliomo ndani, limeshikwa na barabara kwa eneo lisilofikia karatasi moja ya barua.

Tena eneo hilo lina kazi tatu: kusukuma gari, kulisimamisha na kulipindisha. Tairi ni kama mtumishi mwenye mshahara mmoja: alichokwisha kulipia kodi ya nyumba hawezi kukilipia ada ya shule. Dereva anayekanyaga breki kwa nguvu zote akiwa katikati ya kona anadai malipo mawili kwa mshahara mmoja, na gari litamkatalia. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki na matairi huongezeka mara nne. Tofauti ya kilometa 50 na kilometa 100 kwa saa ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye mshale.

Kwa hiyo tuanze na matairi. Kila tairi lina cheti chake ubavuni, na kukisoma hakuhitaji shahada. Tairi lililoandikwa 195/65 R15 91H lina upana wa milimeta 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu yake ni inchi 15. Namba 91 maana yake linaweza kubeba kilo 615, na herufi H maana yake limejengwa kwa mwendo usiozidi kilometa 210 kwa saa. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Tarakimu hizo ndizo muhimu kuliko zote, na ndizo watu wasizozitazama. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na joto la pwani huuharakisha uzee huo. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kwamba baada ya miaka 5 tairi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake bado ni ndefu. Wapo watengenezaji wa magari wanaotaja miaka 6. Nimewahi kuuziwa mjini tairi linalong'aa, lenye vile vinyweleo vya kiwandani bado, nikasoma tarakimu nikakuta lina miaka 8. Nililirudisha siku ile ile. Muuzaji alisema mimi ndiye mteja wa kwanza kumuuliza. Na matairi ya mtumba ndiyo yanayohitaji macho zaidi, maana mnunuzi hajui yalibeba nini wala yaliwahi kukimbizwa bila upepo au la.

Kashata nazo zina kipimo chake. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimeta 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi hilo ni kipara kisheria na kiakili. Kwa masika yetu mimi nisingesubiri lifike hapo. Na mkinunua matairi mawili tu, yaliyo bora wekeni nyuma. Wengi hufanya kinyume, lakini gari linalopoteza nyuma kwenye maji huzunguka kama pia, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Sasa upepo. Kipimo cha mtengenezaji kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi madogo ni kati ya pauni 30 na 33. Hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka, kwa kipimo chako mwenyewe unachokiamini. Kupima kwa kupiga teke ni mchezo wa kujifurahisha. Tairi lenye upepo mdogo hukunjwa ubavuni kila linapozunguka, kukunjwa huleta joto, na joto ndilo linalolipasua, kwa kawaida katika barabara nzuri iliyonyooka ambapo dereva amejiachia.

Uwanjani tairi hupata joto jingi, na upepo huweza kupanda kwa pauni 5 au zaidi katika mizunguko michache. Hapa ipo njia rahisi isiyohitaji mtambo wowote ila kipande cha chaki, na chaki shuleni hapa hatujawahi kukosa. Chora mstari kutoka kwenye ukingo wa kashata hadi ubavuni, mahali patatu kwa kila tairi. Endesha mizunguko mitatu, kisha tazama. Ukingoni mwa matairi mengi kuna alama ndogo ya pembe tatu. Chaki ikiwa imefutika kupita alama hiyo na kuingia ubavuni, upepo ni mdogo. Ongeza pauni 2. Ikiwa haijafutika hata kuifikia, upepo umezidi. Punguza pauni 2. Ikifutika hadi hapo hapo, acha. Mwishoni linganisha kushoto na kulia.

Lakini sikilizeni tahadhari hii. Aliyepunguza upepo wa tairi la moto kutoka pauni 36 hadi 30 asidhani ana pauni 30. Likipoa atakuwa na 25 au pungufu. Kwa hiyo kabla ya safari ya kurudi, matairi yapoe, yapimwe, na yajazwe tena kwa kipimo cha mlangoni. Hata maji ya barabarani yanakujua kwa upepo wako: penye maji ya kutosha, tairi la pauni 30 laweza kuanza kuelea kwenye kilometa 90 hivi kwa saa, na la pauni 20 kwenye kilometa 75 hivi.

Nije kwenye springi na wenzake. Kazi ya springi ni kubeba, na kazi ya shokapu ni kutuliza. Springi bila shokapu hurusha gari juu na chini kama mpira wa dana dana, na kila linaporushwa ile karatasi yetu moja inapungua kuwa nusu. Shokapu iliyokufa hujitambulisha: ina mafuta yaliyovuja, gari huinama mbele sana ukishika breki, na uso wa tairi unaliwa kwa mabonde mabonde. Kulibonyeza gari pembeni na kuhesabu linavyodunda husaidia kidogo tu. Lazima mtu aingie chini na tochi. Na shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia.

Huko huko chini tazameni bushi, boljointi na ncha za usukani. Pandisheni gurudumu kwa jeki, gari likiwa limewekewa stendi, mkalitikise juu na chini, halafu kushoto na kulia. Likicheza, kuna kilicholegea. Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada, yaani chumvi. Upepo wa bahari hula springi katika mzunguko wake wa chini kabisa, mahali ambapo maji na mchanga hukaa, na ufa huanzia hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa springi hauzibwi, hubadilishwa.

Zipo njia mbili za mkato zinazopendwa sana, na zote mbili nazikataa. Ya kwanza ni kukata springi ili gari likae chini kama la mashindano. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi na fupi zaidi. Gari likishuka tuta hugonga mwisho wa nafasi yake, na gurudumu likining'inia springi yaweza kuhama kwenye kikalio chake. Ya pili ni kinyume chake: kuweka spesa juu ya springi ili gari liinuke na lisigonge mawe. Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo, maana si wote wanaokaa kando ya lami. Lakini gari lililoinuliwa limepandisha uzito wake juu, na nahodha yeyote wa hapa Bagamoyo atakwambia mzigo mzito hukaa chini ya chombo. Tena pembe za magurudumu na viungo vyake huharibika. Ndugu mmoja aliniletea gari lililoinuliwa hivyo katika gereji moja. Matairi yake ya mbele yalikuwa yameliwa upande mmoja hadi nyuzi kuonekana, na yeye alikuwa akilisafirishia familia. Gari la namna hiyo lisiingie uwanjani. Mwenye shida ya barabara mbaya atafute springi na shokapu zilizotengenezwa kwa gari lake kwa kazi hiyo, kisha apime alaimenti.

Alaimenti ni kulinganisha magurudumu yatazame mbele sawasawa na yasimame kwa pembe inayotakiwa. Ni kweli kwamba madereva wa uwanjani hulaza magurudumu ya mbele kidogo kuelekea ndani kwa juu, ili kwenye kona tairi likae bapa. Lakini ukilaza mno, barabarani utakula kingo za ndani za matairi. Kwa gari la kwenda kazini, fuateni vipimo vya mtengenezaji. Kilichobaki ni nati za magurudumu: zikazwe kwa spana ya kupimia, na baada ya mizunguko ya kwanza zikaguliwe tena.

Mtaona, ndugu zangu, kwamba sijawashauri kununua chochote cha fahari. Sikutaja rimu pana wala springi za rangi nyekundu. Gari la kawaida lenye matairi yasiyo mazee, upepo sahihi, shokapu hai na viungo visivyocheza limeandaliwa vya kutosha kwa siku yetu, na limeandaliwa vile vile kwa barabara ya Msata, ya Chalinze na ya Tanga. Nina hakika magari mengi yaliyoegeshwa chini ya minazi hapo nje hayangefaulu mtihani huo leo.

Asubuhi hii tulisimama kimya wakati Katibu aliposoma majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Matatu kati ya majina hayo ni ya watu waliofia barabarani. Mmoja tulikaa naye dawati moja. Tairi lake la nyuma lilipasuka mchana, barabara ikiwa kavu na imenyooka, na wala hakuwa akikimbia. Sitasema zaidi, kwa sababu mkewe ni mgeni wetu leo.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, masharti yangu ni manne. Kwanza, kila gari likaguliwe wiki mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe, ili mwenye kasoro apate muda wa kurekebisha bila aibu. Pili, tairi lenye zaidi ya miaka 6, au lililokaribia vinundu vyake, lisiingie, hata kama mwenye gari ni mjumbe wa Kamati. Tatu, gari lenye springi zilizokatwa au spesa lisiingie. Nne, uwanja ufungwe saa 9 alasiri, matairi yapoe, na gari lisitoke getini kabla vijana wetu wa kidato cha sita hawajapima upepo wa magurudumu yote manne na kuandika katika daftari. Wao watapata somo la fizikia, na sisi tutafika nyumbani.

Mkiyakubali hayo, nitapiga kura ya ndiyo, na nitakuwa wa kwanza kulipa kiingilio. Mkiyakataa, tuchangie maabara kwa bahasha. Hata hivyo, lolote tutakaloamua, ombi langu ni moja: kabla hamjawasha magari jioni ya leo, kila mmoja ainame asome zile tarakimu nne. Kipimo changu cha upepo kipo kwenye gari, na nitakaa getini nacho hadi mtu wa mwisho aondoke.